Usubi

Nimeletewa kijito kimefungwa kwa blanketi,
kona ya fremu imevunjika.
Mwenyewe, Bwana Ormerod, alikibeba kwapani
kutoka stesheni, mvua ya Halifax ikimnyeshea,
akasema: kilikuwa cha nyanya, juu ya meko,
sijui kama kina thamani, lakini kioshe.

Kioshe. Kana kwamba maji huoshwa.

Nikakilaza mezani chini ya taa.
Miaka mia na hamsini ya moshi wa makaa,
ya kiko cha babu na mafuta ya kondoo wa kila Jumapili
imeyageuza maji kuwa chai iliyosahauliwa jikoni.
Mierebi ipo, nadhani ni mierebi.
Kuna jiwe. Kuna kitu cheupe, huenda ni ng'ombe.
Utulivu, basi; ule utulivu ulionunuliwa
na watu ambao viwanda vyao havikulala.

Kazi hii, usicheke, naifanya kwa mate.
Kwa masizi ya aina hii sijaona dawa inayoyashinda.
Nasokota pamba kwenye kijiti, naitia mdomoni,
naizungusha juu ya turubai, duara dogo kama punje,
inatoka nyeusi, naitupa, nasokota nyingine.
Siku ya tatu nimefungua anga, kipande cha kiganja:
buluu mbichi,
kama ngozi iliyokaa mno chini ya bandeji.

Nyuma, kwa penseli, mchoraji ameandika:
*Tryphena Sugden. Mayai kumi na mawili, maziwa,
kitanda usiku tisa. Bado sijalipa.*
Jina lake mwenyewe hakuliandika popote.
Deni ndilo lililobaki na mwandiko.

Siku ya tano, kando ya jiwe,
pale maji yanapojikunja, niliona doa.
Nikainua kisu kidogo nilikwangue,
nikasogeza darubini kwanza, kwa mazoea tu.
Lina miguu.
Sita. Na bawa moja limezama katika rangi nyeupe.

Basi aliketi nje, bwana huyu,
hakubuni kijito chumbani, miguu kwenye kapeti.
Aliketi ukingoni, soksi zimelowa,
akijipiga shingoni, akitukana,
jua likihama kabla kivuli hakijakamilika,
na mmoja wa wale waliokuwa wakimtafuna
akatua juu ya maji yasiyo maji
akaamini.

Mierebi ni mfano wa mierebi.
Ng'ombe (ndiyo, ni ng'ombe) ni mipigo minne ya brashi.
Usubi peke yake ndiye aliyekuwepo.
Alionja damu ya mtu asubuhi ile,
na damu yenyewe, nani ajuaye,
huenda bado imo.

Jumamosi nilipanda basi hadi pale ramani ya zamani inapokitaja.
Kijito kilitiwa bombani mwaka aliozaliwa mama.
Juu yake wameweka maegesho na duka la mazulia.
Nilipiga magoti kwenye mfuniko wa chuma;
mwanamke mmoja akaniuliza kama nimeangusha funguo.
Nikamwambia, nasikiliza.
Akainama naye, mifuko ya manunuzi ikimvuta mikono.
Chini kabisa kitu kilikuwa kinapita.
"Panya," akasema, akaenda zake.

Vanishi mpya niliipaka taratibu,
na nilipofika kwake nilipunguza pumzi
kama unavyomfunika shuka mtoto aliyesinzia.

Bwana Ormerod alikitazama kijito chake, akavua miwani,
akasema hakujua kwamba nyanya alikuwa na mbingu.
Kisha akasogea. "Pale umeacha uchafu."
"Huyo ni mkazi," nikasema.
Akauliza ananilipa kiasi gani.
Nikataja bei yangu,
na juu yake mayai kumi na mawili.

Alicheka. Mimi sikucheka.
Jumatatu akayaleta kwenye boksi la karatasi,
moja limepasuka,
na hakuuliza ni ya nani.